Tuwafundishe Watoto Shairi kwa Sikio na kwa Mdomo

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya shairi. Tunajua wengine watauliza: jameni, sisi tumezoea kusoma hapa habari za visima, mbegu na afya ya watoto, sasa shairi linaingilia wapi? Linaingilia hapa. Mtoto ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu akasema maneno kumi yakasikika, kesho atakuwa mtu mzima anayeketi nyuma kabisa kwenye baraza. Ataitikia kila linaloamuliwa, halafu alalamike njiani akirudi nyumbani. Watu wa namna hiyo tunao katika kila kikundi, na si kwamba hawana la kusema. Wanalo. Hawakuzoeshwa tu kulitoa.

Kuna na sababu ya shuleni. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la mtihani, na ushairi umo katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani wa KCPE umekwisha, wa mwisho ulifanywa mwaka wa 2023, lakini katika mtaala huu mpya wa umilisi mashairi bado yapo tangu madarasa ya chini. Sasa uliza mtoto yeyote wa Nyalenda, Manyatta au Ahero anaogopa nini katika Kiswahili. Wengi watakuambia ni ushairi. Na ukiwauliza ushairi ni nini, utasikia: mshororo, ubeti, kina, mizani, ukwapi, utao. Basi. Yaani mtoto amepewa majina ya vyombo vya jikoni na hajawahi kuonja chakula.

Maoni yetu ni kwamba kazi hii inaanzwa kwa mguu usiofaa. Shairi la Kiswahili lilikuwa la kusikilizwa kabla ya kuwa la kuandikwa. Huko pwani lilighaniwa, yaani lilitolewa kwa sauti iliyo katikati ya kusema na kuimba, na aliyelisikia mara mbili tatu alilibeba kichwani hadi nyumbani kwake. Mwana Kupona wa Pate alipotunga utenzi wake mnamo mwaka wa 1858, alimtungia binti yake, amwachie mausia. Mama na mtoto, hapo ndipo shairi lilipokaa. Hatuoni kwa nini lisikae hapo tena, hata kama sisi ni watu wa ziwa na si wa bahari.

Mtoto wa ziwa haji mikono mitupu

Kuna watu wanaosema kwamba ushairi ni wa Waswahili wa Lamu na Mombasa, na watoto wetu wanaozungumza Dholuo nyumbani hawawezi kuushika. Hilo hatukubaliani nalo hata kidogo. Mtoto wa Winam, wa Asembo au wa Rusinga ana sikio tayari. Bibi yake alilelewa katika siwindhe, ile nyumba ya mama mzee ambamo watoto walilala na kufundishwa sigana na mafumbo usiku. Mama yake anazijua dodo, nyimbo za akina mama, ambazo mmoja anatoa na wengine wanaitikia. Huko kuitikia ndiko Kiswahili kinakokuita kiitikio au kibwagizo.

Halafu kuna nyatiti. Ile ala ina nyuzi nane, na mpigaji wake hapigi kwa vidole tu. Mguuni amefunga gara, zile njuga za chuma, na kwenye kidole cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye ubao wa nyatiti yenyewe. Mdomo unasema, vidole vinapiga, mguu unahesabu. Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019, aliipeleka nyatiti hiyo hadi Ulaya, na watu wasiojua neno moja la Dholuo wakasikiliza. Sasa mtoto aliyewahi kuona mguu ule ukigonga ameshaona mizani kwa macho yake. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba maneno nayo yana mguu.

Na pakruok je? Hapo tutacheka kidogo, maana wote tunajua pakruok nyingi hufanyika mahali ambapo chupa hazikosi. Hatusemi mtoto apelekwe huko. Lakini tazama jambo lenyewe: mtu anasimamisha muziki, anatoa kitu mfukoni, anajisifu kwa maneno ya mafumbo, kwamba yeye ni mwana wa fulani, ni ndovu, ni mvua ya mawe. Katika fasihi simulizi ya Kiswahili jambo la namna hiyo huitwa majigambo, na watoto wanafundishwa majigambo shuleni bila mtu kuwaambia kwamba wajomba zao ni mabingwa wa kazi hiyo.

Mizani: hesabu ya makofi

Tuanze basi na mizani, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi. Mizani ni idadi ya silabi katika mstari, nao mstari wa shairi huitwa mshororo. Usianze ubaoni. Waweke watoto duara, kila mmoja apige kofi kwa jina lake. O-mo-ndi, makofi matatu. A-ki-nyi, matatu. O-dhi-a-mbo, manne. Watoto wanapenda sana, hasa yule mwenye jina refu. Mtaona pia kwamba majina kama Okoth au Ouma Ochieng' yanaleta mabishano, kwa sababu Dholuo huruhusu neno liishie kwa konsonanti, lakini Kiswahili chenyewe kinapenda kila silabi imalizwe na irabu. Acheni wabishane. Mabishano hayo ni somo zuri kuliko maelezo yetu.

Mahali pa kuangalia ni herufi ya m mwanzoni mwa neno. Mvuvi ana mizani tatu: m-vu-vi. Mvua ina mbili tu: mvu-a. Kwa nini? Njia rahisi tunayoitumia ni hii: taja wingi. Mvuvi, wavuvi; ile m imebadilika, kwa hiyo inasimama peke yake na inapewa kofi lake. Mvua moja, mvua nyingi. Haikubadilika, kwa hiyo imeshikana na jirani yake. Ndiyo maana mbuni mwenye mabawa ana makofi mawili, lakini mbuni unaozaa kahawa una matatu, kwa kuwa wingi wake ni mibuni. Yale maneno mafupi sana, kama nchi na mbwa, huwa na mizani mbili, n-chi, m-bwa. Na palipo na mw, kama katika mwalimu, kofi ni moja: mwa-li-mu. Hayo yanatosha kwa mwaka mzima.

Mshororo uliozoeleka una mizani kumi na sita, uliokatwa katikati, nane huku na nane kule. Hapa ndipo tuliporudi kwenye pakruok. Tuliwaambia watoto kila mmoja ajisifu kwa Kiswahili, kwa kitu cha hapa hapa kwetu, bila kutaja mizani. Mmoja akatoa hili:

Mimi ni mbuta wa Dunga, wavu wenu ni mdogo.

Hesabuni kwa makofi. Mi-mi-ni-mbu-ta-wa-Du-nga, nane. Wa-vu-we-nu-ni-m-do-go, nane. Mtoto alikuwa hajui kwamba ametunga mshororo kamili. Wengi wao hawaangukii nane moja kwa moja kama huyu, wanapata saba au tisa, na hapo ndipo unawauliza: neno gani tuliongeze, lipi tulipunguze? Hiyo ndiyo kazi ya mshairi siku zote, hata Shaaban Robert aliifanya. Na tazama, sitiari pia imeshaingia. Yeye si samaki, lakini anajiita mbuta, yule mkubwa wa kupasua wavu. Angesema yeye ni kama mbuta, ingekuwa tashbihi. Mtoto atauelewa tofauti hiyo kwa mbuta haraka kuliko kwa mfano wa simba, ambaye hajawahi kumwona.

Vina, na shairi letu la omena

Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo. Kuna kina cha kati, mwishoni mwa kile kipande cha kwanza kinachoitwa ukwapi, na kina cha mwisho, mwishoni mwa utao. Tunawaomba walimu wenzetu wasitoe majina hayo siku ya kwanza. Someni shairi kwa sauti, mfike kwenye kina, mnyamaze. Watoto watalijaza neno wenyewe. Wakishalijaza mara tano, ndipo uwaambie, hicho mlichokisikia kinaitwa kina.

Shairi lifuatalo hatukulitoa kitabuni, tulilitunga pamoja na watoto, kwa mambo wanayoyaona kila asubuhi ufukweni:

Mama atoka nyumbani, jua halijatokeza,
Karai liko kichwani, mwendo anauongeza,
Huanika ufukweni, omena azigeuza,
Mvua isije jamani, omena hajaziuza.

Wingu latanda angani, ziwa limejaa kiza,
Nasimama mlangoni, swali moja nauliza,
Karo italipwa lini, omena zikishaoza?
Mvua isije jamani, omena hajaziuza.

Kila ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Ingekuwa mitatu tungeiita tathlitha, mitano takhmisa. Vina ni ni katikati na za mwishoni, katika beti zote, nao mtiririko huo si lazima lakini unapendeza. Mshororo wa mwisho unarudi, ndio kibwagizo. Na kiwango cha mizani, pigeni makofi wenyewe. Kama kuna mahali mmepata kumi na saba, angalieni jinsi mlivyoihesabu ile mvua.

Kuhusu utenzi, tutasema kidogo tu. Mishororo yake ni mifupi, mizani nane kila mmoja, minne kwa ubeti, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne unabeba kina cha shairi zima tangu mwanzo hadi mwisho. Unafaa kwa hadithi ndefu. Kama mna vijana wakubwa kidogo, wapeni kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo wazee husimulia kwamba lilimeza kijiji kizima kwa sababu kilimnyima bikizee makao. Hapo utenzi utawachukua wiki tatu na hawatachoka.

Ipo na swali ambalo wazazi hutuuliza: shairi lisilo na vina ni shairi kweli? Mabishano haya yalikuwa makali huko Tanzania baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka wa 1974, maana yeye aliziacha vina na mizani. Kabla yake, mwaka wa 1954, Kaluta Amri Abedi alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya sheria za kutunga mashairi. Sisi tunawaambia wazazi wafungue Zaburi. Hazina vina, lakini mstari wa kwanza unasema jambo na wa pili unalisema tena kwa njia nyingine, kama watu wawili wanaovuta kamba moja. Zaburi ya 119 nayo, katika Kiebrania, ina mafungu 22 yanayofuata herufi za alfabeti yao, aya nane kwa kila herufi. Kwa hiyo sheria ziko za aina nyingi. Hata hivyo kwa watoto wadogo tungeanza na vina na mizani, kwa sababu moja tu: vinawasaidia kukumbuka. Mtoto akisahau neno jukwaani, kina kitamkumbusha.

Ulimi unapojikwaa

Sasa tuje kwenye kukariri, na tuanze na jambo linaloumiza. Katika Dholuo sauti ya z haimo, na ya sh haimo. Ndiyo maana mtoto atasema samba kwa shamba, na hajasiusa kwa hajaziuza. Tumeona mtoto akianza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, halafu mtu mmoja nyuma ya ukumbi anamwiga na watu wanacheka. Mtoto huyo alikaa chini, na muhula ule wote hakuinua mkono darasani. Kicheko cha sekunde tatu kilifanya kazi hiyo.

Watu wazima, tafadhali. Kila kabila lina mahali ulimi wake unapojikwaa. Wengine wanachanganya l na r, wengine b na p. Na mtoto wa Kijaluo, kwa upande wake, mara nyingi hapati shida ya dhahabu na thamani, kwa kuwa dh na th amezizoea nyumbani, wakati wenzake wengi wanasema zahabu na samani. Mwambieni hivyo kabla ya kumrekebisha.

Kisha mrekebisheni, kwa upole na kwa njia ya mwili. Mwambie aweke vidole kooni. Aseme sss, koo limenyamaza. Aseme zzz kama nyuki, koo linatetemeka. Akishausikia ule mtetemo kwa vidole vyake, hakuna maelezo mengine anayohitaji. Kwa sh, ulimi unarudi nyuma kidogo na midomo inatoka mbele, kama mtu anayemnyamazisha mtoto mchanga. Mpe maneno mawili mawili: sana na zana, sisi na zizi, soka na shoka. Dakika tano kila siku, si saa nzima Jumamosi. Ndiyo maana kina cha shairi letu kiliwekwa kuwa za: katika beti zile mbili mtoto anakutana na z kila mshororo, na anaipitia bila kuona kama ni adhabu. Na kama baada ya hayo yote bado inamponyoka moja mbili, mwacheni apande jukwaani. Watu watamwelewa.

Pumzi, macho na mikono

Kosa kubwa tunaloliona katika mikutano yetu ni kelele. Mtoto anafundishwa kwamba kukariri ni kupiga ukelele hadi mishipa ya shingo itoke. Beti mbili, sauti imekauka. Sauti inayofika mbali haitoki kooni, inatoka kwenye pumzi. Mlaze mtoto chali kwenye mkeka, umwekee kitabu juu ya tumbo, apumue mpaka kitabu kipande na kushuka. Kisha asimame apumue vile vile na aseme mshororo mmoja kwa pumzi moja. Msimamishe mwenzake mwisho wa uwanja. Kazi ya yule wa mbali ni kuinua mkono akikosa neno. Watoto hufundishana vizuri kwa mchezo huu kuliko sisi tunavyowafundisha.

La pili ni ule mwendo wa gari moshi, ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta, pumzika, ta-ta-ta-ta. Mizani ni mifupa, na mifupa haifai kutokeza nje ya ngozi. Tazama mshororo huu: Karo italipwa lini, omena zikishaoza? Ni swali, na linamhusu mtoto mwenyewe. Ukilisema kwa mdundo ule ule wa mshororo uliopita, hakuna atakayelisikia. Waulizeni watoto: huyu anasema na nani? Na mama yake? Na Mungu? Na nafsi yake? Kila jibu lina sauti yake. Tulipowauliza wetu walijigawa mafungu matatu na hawakukubaliana hadi leo, na kila fungu likalisema kwa namna yake. Yote matatu yalikuwa mazuri.

Kibwagizo ndicho kipimo cha mkariri. Maneno ni yale yale lakini hali si ile ile. Katika ubeti wa kwanza jua halijatoka, mvua haipo, kwa hiyo Mvua isije jamani ni dua ya kawaida ya asubuhi, karibu mtu anaisema akitembea. Katika ubeti wa pili wingu limeshatanda. Hapo mtoto hahitaji kupaza sauti. Akiishusha hadi karibu na mnong'ono, ukumbi wote utainama mbele kumsikiliza. Mkijua mtu yeyote anayeanika omena, mnajua mvua moja ya ghafla inavyoweza kuharibu kazi ya siku kadhaa. Mtoto anayeyajua hayo hatafundishwa huzuni na mtu.

Sasa mikono. Loo! Neno moyo, mkono kifuani. Neno angani, kidole juu. Neno mimi, kidole kifuani tena. Mtoto anageuka kama askari wa kuongoza magari pale Kondele. Ushauri wetu ni kumfundisha kwanza shairi zima mikono ikiwa chini kabisa. Akishalielewa, mikono itajiinua yenyewe mahali pawili au patatu, na hizo ndizo ishara za kubaki nazo. Macho ni muhimu kuliko mikono. Asitazame dari wala viatu. Achague watu watatu, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia, awasimulie hao.

Shairi la kundi lina raha yake, na ni zuri sana kwa waoga, kwa kuwa mtoto anajificha kati ya wenzake mpaka ajisikie tayari. Gawanyeni sauti, nzito huku na nyepesi kule. Mshororo mmoja usemwe na mtoto mmoja, kibwagizo na wote. Mahali pengine kundi lirudie neno la mwisho tu, polepole likififia, kama mwangwi juu ya maji. Hapa pia msikilize makanga wa matatu wanavyorudiarudia Kondele, Kondele, Mamboleo. Hiyo ni takriri, na hakuna abiria anayeisahau. Lakini watoto ishirini wakisema kila kitu pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, maneno yanapotea na kinachobaki ni ngurumo.

Jukwaa lipo wapi?

Jukwaa kubwa zaidi ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927. Wengi wanadhani ni la kwaya peke yake, kumbe kukariri mashairi kumo, kwa mtu mmoja na kwa kundi. Mashindano hupanda ngazi, kutoka eneo dogo la shule jirani, hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na mwisho taifa. Muulizeni mwalimu wa muziki au wa Kiswahili katika shule ya mtoto wenu mapema, mwanzoni mwa mwaka, si wiki mbili kabla. Kuna pia siku ya Kiswahili duniani, tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021. Shule nyingine huiadhimisha, na pasipo na mashindano watoto wengi zaidi hupata nafasi.

Hatutaki kuficha kwamba mashindano yana ubaya wake. Shule ikitaka kombe, inachagua mtoto mmoja mwenye sauti na kuwaacha arobaini. Sisi tungependa kuona wale arobaini wakikariri Ijumaa alasiri chini ya mwembe, bila mwamuzi.

Na kuna lile shairi la mgeni rasmi. Tunalijua sote. Mfadhili anakuja kufungua kisima, watoto wanapangwa juani tangu saa tatu, gari linafika saa sita, wanapaza sauti: karibu mgeni, asante mgeni. Mtu mzima ameliandika usiku, watoto wamelimeza asubuhi, nusu yao hawajui maana ya maneno mawili katika kila mshororo. Kushukuru ni adabu njema, hatupingi. Lakini kama mna kisima kipya, waulizeni watoto wenyewe kisima kimebadilisha nini. Mmoja atasema sasa halali darasani kwa uchovu wa kuteka maji. Mwingine atasema maji yana chumvi. Yatungeni yote mawili, na mgeni ayasikie yote mawili. Kama la chumvi linawatia hofu wakubwa, hilo ni jambo la kamati kulijadili, si la kumnyamazisha mtoto.

Mkitaka kuanza, hamhitaji pesa. Daftari moja la kikundi latosha, la kuandikia kila shairi linalokamilika pamoja na majina ya waliolitunga, na mtu mmoja wa kulitunza lisiliwe na mchwa. Nusu saa mara mbili kwa wiki. Watoto wasizidi ishirini, la sivyo wale wa nyuma watakuwa wanacheza bano.

Shairi la omena bado halijakwisha. Watoto walipofika ubeti wa tatu mvua ilinyesha kweli, tukafunga mapema. Walikuwa na mishororo miwili:

Mvua yaanza batini, watoto tunajikaza,
Twaokota kwa sahani, hakuna tunayosaza,

Wa tatu haupo. Uwe na mizani nane na nane, kina cha kati ni, cha mwisho za. Kibwagizo mnakijua, ila sasa mvua imeshafika, na mtoto atakayekisema itabidi aamue anamwambia nani asije. Jaribuni nyumbani leo jioni, mkichagua omena za kupika.